Rangi ya Kucha kwenye Pompi

Papa Hangi tulimzika kule Karuba mwezi uliopita, na tangu siku ile sijatulia. Wanaonijua watacheka: Riziki alitulia lini? Ni kweli, hata kanisani nakaa karibu na mlango, miguu ikinicheza. Lakini hii ya sasa ni nyingine. Naanza kuchambua maharage, naacha. Nalowesha nguo, nazisahau. Naenda kusimama barabarani kama mtu anayengoja kamyo ya kumbeba wakati sina safari. Nilikwenda kumzika kwa sababu alikuwa fundi wangu, baba yangu wa kazi, aliyenifundisha kusikiliza motere ya gari kwa kuweka ncha ya turunevisi, bisibisi ya fundi, kwenye chuma na mpini sikioni. Watoto wake walikuwa wametoa sanduku lake la vyombo, wakaliweka juu ya meza ndogo pembeni ya picha yake, na kila aliyepita aligusa nyundo, aligusa koleo, akajifuta macho. Mimi niliona turunevisi ile yenye mpini wa mti aliouchonga mwenyewe, nikapita bila kugusa chochote. Nilipoinua macho, kwenye benchi la akina mama, ng'ambo ya uwanja, alikuwa amekaa Zawadi, kitambaa cheusi kichwani, ananitazama. Miaka zaidi ya ishirini tumesalimiana sokoni, harusini, kwenye misa, na kila mara nilikuwa na haraka ya kwenda mahali.

Mwaka jambo hili lilipoanza, mimi na Zawadi, wasichana marafiki, tulikuwa tukilala chumba kimoja nyuma ya duka la Papa Kasereka, pale Masisi centre, juu milimani. Papa Kasereka alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Mkatoliki wa kusali rozari hata akipima misumari, na alinipa kazi kwa kuwa nilisoma Kifaransa na sikuogopa kushika grisi. Duka lake lilikuwa la piyesi, vipuri vya magari, ila kwa vile mwenye nalo hakuwahi kukataa biashara, rafu ya chini ilijaa jibini la Masisi. Wateja waliotaka filta walipata filta yenye harufu ya maziwa. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha lililozibwa na kipande cha bashi, turubai la kamyo, na ukuta wa mbao uliopitisha kila neno la dukani. Tulilala tukisikia watu wakisema vita imehamia upande huu, imehamia upande ule, kama watu wanaosema habari za ng'ombe waliovunja boma. Zawadi alikuwa mwalimu. Mwanzoni mwa mwaka aliolewa na mwalimu mwenzake, wakapelekwa kufundisha kijiji kimoja cha Walikale, chini kabisa kwenye mto Lowa. Asubuhi ya kuondoka aliniachia chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu ya kung'aa, akasema, "Upakeko hata siku ya Mungu, Riziki. Usifanane sana na bale banaume ba garaji." Nilimwambia nitapaka. Sikupaka.

Wiki mbili baadaye ikafika motere. Ilikuwa motere ya kamyo, ya mazutu, yaani dizeli, silinda sita, na Papa Kasereka aliinunua kwa ajili ya boti yake ya mbao kule Walikale. Daraja la barabara lilikuwa limevunjwa, watu na mizigo walipita mtoni, na boti yenye motere kubwa ingekuwa mfalme wa maji yale. Papa Hangi, fundi wa Papa Kasereka, aliifunga motere juu ya magogo uani ili aijaribu kabla haijashuka. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyependa kusifiwa, na motere aliziita "bamama hawa". Alipoiwasha, ikatoa moshi mweusi uliofunika nguo za jirani kwenye kamba. Mama jirani alitoka na kutusema hadi tukainamisha vichwa. Sasa, mtu wa milimani anajua sababu ya moshi kama huo: huku juu hewa ni nyepesi, motere inamwagiwa mafuta mengi kuliko hewa iliyo nayo, inayatema yamegeuka masizi. Na dawa yake fundi yeyote wa Masisi anaijua. Kwenye pompi ya mazutu, ile inayoipimia motere mafuta, kuna visi ndogo, skrubu ya kufunga na kufungua. Ukiikaza, mafuta yanapungua, moshi unakatika. Kwetu motere isiyotoa moshi ni motere yenye adabu.

Papa Hangi alinipa turunevisi ya mpini wa mti. "Leo utafanya weye," akasema. "Funga pole pole. Nitakuambia wapi kusimama." Nilizungusha robo, moshi ukapungua. Nikazungusha robo nyingine, ukakatika. "Acha hapo," akasema, "iko muzuri." Kisha akatafuta rangi ya kutia alama juu ya visi, maana fundi akishapima hutia tone la rangi, ili mwingine akiichezea ionekane. Rangi hakuwa nayo. Nikakimbia chumbani, nikarudi na chupa ya Zawadi, nikatia tone kubwa, jekundu, linang'aa juu ya chuma cheusi. Papa Hangi akacheka, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. Akasema sasa motere imekuwa bibi harusi. Nilijisikia mkubwa siku ile, nakumbuka nilikula viazi na maharage kwenye sahani yake mwenyewe, na mkono wangu wa kulia sikuunawa vizuri kwa makusudi, ili watu wayaone mafuta.

Motere ikashuka Walikale kwa kamyo. Wakati wa kiangazi habari zilikuwa nzuri: maji machache, boti inakwenda, inarudi. Mvua zilipoanza, mto ukajaa, na habari zikabadilika. Kisha mapigano yakafika vile vijiji vya chini, na watu wakajikusanya kwenye kivuko wakingoja boti iwapandishe Walikale centre, kwenye hospitali na watu wengi. Barua ya Zawadi ilikuja ndani ya soksi ya mchuuzi wa chumvi aliyepita porini kwa miguu. Niliisoma nimesimama. Nimeisoma tena mara nyingi kiasi kwamba karatasi imekatika kwenye mikunjo, na bado ninayo. Aliandika: "Boti ya Papa Kasereka ilikuja, tukapanda. Ilifika kwa ile kona ya mawe, maji ikaishinda, tukarudi nyuma, karibu tuingie kwenye mawe. Wakatushusha wote. Motere iko safi, haitoi moshi hata kidogo, ila haina nguvu. Wamesema watarudi wakipata dawa yake. Riziki, wewe uko kwenye piyesi, tafuta. Mimi niko na mimba ya miezi saba na siwezi kutembea pori lile. Tunangoja."

Haitoi moshi hata kidogo. Niliwasomea Papa Hangi na Papa Kasereka maneno yale, tukaitika kwa vichwa, tumeridhika. Hata mmoja wetu hakushtuka. Ndivyo tulivyo watu wa milimani: motere ikilegea, tunasema haina hewa, maana maisha yetu yote tumeona motere zikikosa hewa. Hakuna aliyewaza kwamba Walikale iko chini, hewa yake ni nzito kama uji, na motere tuliyoifunga mdomo kwa ajili ya Masisi imeshuka kule ikiwa bado imefungwa mdomo.

Kwa hiyo tukakaa kutafuta cha kuisukumia hewa. Tulikaa chumba cha nyuma cha Papa Kasereka, chenye msalaba, kalenda ya zamani na magunia ya chumvi, tukila bugali na makayabu, samaki wa chumvi, naye alisali kabla ya kula hadi bugali likatoa ngozi juu. Vitu viwili vilikuwepo. Cha kwanza kilikuwa turbo, iliyotolewa kwenye kamyo iliyopinduka kona za Mushaki, nayo ilikuwa mle mle dukani, imelala pembeni ya jibini. Turbo huzungushwa na moshi wa motere yenyewe. Cha pili kilikuwa kompresere, inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye motere, na hiyo ilikuwa Butembo kwa shemeji yake Papa Kasereka. Kuifikisha kulihitaji wiki tatu, kama barabara ingekubali.

"Tuende na ile iko hapa," alisema Papa Hangi. "Bantu banangoja."

Nikakataa. Nilikuwa na ukurasa wa katalogi ya Kifaransa, nimeusoma hadi nikaujua kwa moyo, na nilikuwa na kile kiburi cha kijana aliyesoma kidogo mbele ya wazee wasiosoma. Nikawaeleza: turbo inalala hadi motere iende mbio, ndipo inaamka. Boti inayopambana na maji ya kona haina nafasi ya kungoja turbo iamke, itakuwa imeshapelekwa kwenye mawe. Kompresere inasukuma hewa tangu motere inapoanza kuzunguka, hailali. Nilichora kwa mkaa juu ya gunia la chumvi. Papa Kasereka alimgeukia fundi.

"Ule mutoto anasema kweli?"

Papa Hangi alimaliza tonge lake. "Anasema kweli," akajibu. "Vile anasema njo vile iko. Lakini wiki tatu ni mingi."

"Sasa tuchague nini?"

"Yeye njo anasoma," akasema Papa Hangi, akanitazama bila ubaya wowote. "Achague yeye."

Nikachagua kompresere. Na niseme hapa, kwa kuwa hata leo nikiwa peke yangu huwa nabishana na ukuta: nilichagua vizuri. Kwa motere inayokosa hewa, kwenye boti, kwenye kona kama ile, fundi yeyote mwenye akili atakwambia kompresere. Nilitoa jibu zuri sana kwa swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Wiki tatu zikawa nne. Sijui nilizipitishaje. Nilikuwa nafagia duka mara tatu kwa siku. Nilitembea hadi Lushebere na kurudi, kwenye kambi ya waliokimbia, nikiuliza kama kuna aliyetoka Lowa, na kila siku nilipata mtu mwenye habari tofauti. Papa Hangi alinikuta mara moja nimekaa juu ya ngazi ya duka, natikisa goti, akakaa pembeni yangu akasema tu, "Itafika." Ilipofika, imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto, hatukulala Masisi siku ya pili. Tulipanda kamyo hadi ilipokwama baada ya Nyabiondo, halafu wabebaji wawili wakaichukua kwenye mti, mimi na Papa Hangi nyuma yao na mikanda shingoni. Siku sita. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyotukamata, majani yakawa mapana, udongo ukawa mwekundu, na Papa Hangi, mtu wa makoti mawili, akavua moja, akavua la pili. Siku ya tatu alisimama, akavuta pumzi, akasema, "Huku muntu anapumua muzuri." Alilisema hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Nikamjibu twende, tunachelewa.

Walikale tulipokelewa na mama mwenye nyumba ya kulaza wageni, akatupa kwanga, mkate wa muhogo, na samaki wa mafuta ya mawese, lakini mimi nilikula nimesimama. Kufunga kompresere kulichukua siku mbili: kutoboa chuma, kulinganisha mkanda, kutengeneza bomba la hewa kwa bati. Ilipendeza. Iling'aa juu ya motere kama kofia ya padri. Siku ya tatu tukaishusha boti kwenye mkondo, magunia ya mchanga yakiwa mahali pa watu, tukaiwasha. Sauti yake ilisikika mto mzima, mlio mwembamba uliofanya watoto kando ya maji washangilie. Muongozaji wa boti akaielekeza juu ya mkondo, akafungua mafuta hadi mwisho. Boti ilisimama. Motere inalia, maji yanapita, na ule mti mkubwa wa ukingoni nilioukazia macho haukusogea. Kisha ukaanza kusogea, lakini kwenda mbele yetu. Tulikuwa tunarudi nyuma, tena vibaya kuliko zamani, maana kompresere yenyewe ilikuwa inakula ile nguvu ndogo iliyobaki.

Papa Hangi alizima motere. Tulifunga boti, akakaa juu ya gunia la mchanga, akashika kichwa. Nilikuwa simjui akiwa hivyo, na niliogopa. Nami, kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa bure, nikachukua kitambaa nikaanza kufuta motere. Nikafuta kifuniko, nikafuta bomba, nikafuta pompi iliyokuwa imeshika tope na mafuta ya miezi. Chini ya tope ikatokea nyekundu. Ndogo kama punje ya mtama, nyekundu ya kung'aa, haijabanduka. Rangi ya Zawadi.

Nilijua pale pale. Sikuhitaji katalogi. Nikamwita, "Papa Hangi," nikaweka kidole juu ya tone lile. Alikuja, akaangalia kidole changu kilipo, akaangalia majani mapana na jasho lililokuwa likimtiririka, na nikaona usoni kwake kila kitu kikijipanga kimoja baada ya kingine. Akatoa turunevisi ya mpini wa mti. Safari hii hakunipa mimi. Alivunja rangi, akafungua visi nusu mzunguko, akamwambia muongozaji, "Washa." Motere ikatoa wingu dogo la moshi, ikanguruma kwa sauti nzito ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, na boti ikaupanda mkondo na mchanga wake wote. Baadaye Papa Hangi alitoa mkanda wa kompresere ili tuone. Bila kompresere ilipanda vile vile.

Tulishuka mtoni saa hiyo hiyo, hatukula. Kwenye kivuko tulikuta mafiga yenye majivu baridi, sufuria moja iliyotoboka, na mzee aliyebaki kwa kuwa miguu yake haikumruhusu. "Walingoja sana," akasema. "Leo ni siku ya nne tangu watoke. Bamepita pori." Tukampandisha yeye peke yake ndani ya boti ya watu arobaini, na kona ya mawe tuliipita kama si kitu. Nilitamani itushinde.

Zawadi alifika Walikale siku sita baadaye, amemshika mume wake bega, tumbo halipo na mikononi hana kitu. Alizaa porini. Mtoto alikuwa wa kiume na alilia mchana mmoja. Nilimkuta kwenye uwanja wa hospitali amekaa chini, miguu imevimba, nikapiga magoti mbele yake, naye akanishika mkono, akauangalia ule mkono wangu mweusi wa grisi.

"Boti ilipona?" akauliza.

"Ilipona."

"Ilikuwa na ugonjwa gani?"

Papa Hangi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisema, "Hewa. Ilikosa hewa." Zawadi akaitika kwa kichwa, akafumba macho. Fundi wangu hakunisahihisha. Kesho yake nilianza safari ya kurudi Masisi, na kwa namna fulani sijaacha kutembea tangu siku ile: Goma, Sake, Butembo, Goma tena, kazi hii, kazi ile. Watu husema Riziki ana moyo wa biashara.

Sasa, pale Karuba. Baada ya maziko walitukaribisha ndani, akina mama upande wetu, na kupitia ukuta wa mbao niliwasikia wanaume wakimsifu marehemu: hakuna motere aliyoshindwa, hakuna kosa alilowahi kufanya. Zawadi alikuja akakaa karibu yangu, amebeba sahani mbili za sombe, majani ya muhogo, na bugali, akanipa moja. Mimi tayari nilikuwa natafuta viatu vyangu kwa macho. Alisikiliza wale wanaume kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kosa moja alifanya. Alikuja nyumbani kwangu yeye mwenyewe kuniambia, zamani, ule mwaka vita ilitulia. Alileta jogoo. Akasema, mama, ile boti, njo mimi nilifunga visi ya mafuta kule Masisi, kwa mukono yangu, nikasahau kuifungua. Unisamehe. Nikamusamehe."

Miaka yote ile yule mzee alikuwa amebeba mzigo wangu, na nimemzika bila kumshukuru. Ningeweza kunyamaza. Jambo lilikuwa limeshasamehewa, aliyesamehewa yuko udongoni, na viatu vyangu vilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nikaiweka sahani chini.

"Zawadi," nikasema, "Papa Hangi alikudanganya. Ni mimi nilifunga. Mkono ulikuwa wangu. Na kompresere pia, ni mimi niliyechagua kuingoja."

Hakushtuka. Aliumega ugali wake, akauchovya kwenye sombe, hakuupeleka mdomoni.

"Aliniambia pia kwamba aliitia alama na rangi ya kucha," akasema. "Nyekundu. Sasa mzee kama Papa Hangi, rangi ya kucha aitoe wapi?" Akauweka ule ugali kwenye sahani yangu, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye chumba chetu nyuma ya duka. "Nilijua siku ile ile, Riziki. Nilikuwa nangoja uje. Nimekungoja wewe kuliko nilivyoingoja ile boti."